Mbege Bila Muhuri

"Nikikuomba unitie muhuri, usinitie."

Apolinari Kimaro alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha kituo chetu. Viatu vyake vya kazi alikuwa amevivua na kuvipanga sakafuni, visigino vimegusana. Mkononi alishika kikombe cha zinduo, dawa tunayoipika kutokana na uyoga tunaoulea wenyewe kwenye chumba cha nyuma. Ni chungu kiasi kwamba wagonjwa wengi huanza kutubu kabla haijawafika tumboni.

"Rudia," nikamwambia. "Na unitaje jina, usije baadaye ukasema ulikuwa unaongea na ukuta."

"Daktari Aikande. Huko ndani nikilia, nikikuapia kwa jina la marehemu mama yangu, nikikuomba unitie muhuri, usinitie. Atakayekuomba siyo mimi."

"Nitajuaje yupi ni wewe?"

Akafikiri, kisha akaonyesha sakafuni kwa kidevu. "Mimi ni huyu mwenye viatu."

Alicheka mwenyewe. Mimi sikucheka. Sina subira na mizaha ya saa ile, na wagonjwa wanaotania kabla ya kunywa hunitia wasiwasi kuliko wanaotetemeka.

Kando ya kitanda palikuwa na taji, ule mkanda wa nyaya tunaowavika kichwani, na kando ya taji swichi ndogo yenye kifuniko chekundu. Swichi hiyo kila mtu anaijua. Zinduo likishaingia, ubongo hulegea ukawa kama saruji mbichi, na kwa kipindi fulani, tunachokiita dirisha, sentensi moja ikipitishwa kwenye taji hukauka humo na haitoki tena. Sentensi iliyoidhinishwa ni fupi: Pombe ni sumu. Huo ndio muhuri. Aliyetiwa akisikia hata harufu ya pombe hutapika, leo, kesho na hadi kufa kwake. Mahakimu wanaupenda. Waajiri wanaupenda. Wake na watoto wa walevi wanaupenda kuliko wote, na siwalaumu hata kidogo.

Utafiti wangu ulikuwa wa njia nyingine: zinduo peke yake, mtu wa kukaa karibu, na mazungumzo ya kutosha baadaye. Muhuri hapana. Mgonjwa afunguliwe dirisha, aitazame nyumba yake kwa ndani, kisha atoke akaipange kwa mikono yake. Wanaotibiwa hivi hawaponi wote. Wengine hurudi kilabuni, nami huwafuata huko, nikawakalisha chini, tukaanza upya. Nasema mapema ili nisionekane natia chumvi.

"Baba Redempta," nikamwambia, "bado unaweza kubadili mawazo. Kampuni ya maji itakurudisha kazini ukiwa na muhuri. Bila muhuri hawakupandishi mnara hata mmoja."

Alijua. Theluji ya Kibo iliisha mimi nikiwa msichana, na tangu hapo mlima wetu unaishi kwa ukungu: minara imesimama msituni, nyavu zimetandazwa kati yake, matone yanashuka kwa mabomba hadi kwenye vihamba, mashamba yetu ya migomba. Apolinari alikuwa fundi wa nyavu hizo, na hakuna aliyepanda kama yeye, mpaka siku aliyopanda akiwa amelewa, akaanguka. Nyonga yake ya kushoto haijawahi kupona vizuri.

"Melkiori ana muhuri," akasema. "Umeona muhuri huo ulichomfanyia."

Nilikuwa nimeona. Melkiori ni kaka yake. Alitiwa muhuri kwa amri ya hakimu, akaacha pombe siku hiyohiyo, akanenepa, akapaka nyumba rangi. Kisha mama yao akafariki. Siku ya matanga, yeye kama mkubwa ndiye aliyepaswa kuwakaribisha watu kwa kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu Uchagani anayekaribisha huonja kwanza, mbele za watu, ndipo ampe mgeni, na mgeni hujua kwamba humo hamna sumu iliyotiwa. Sijui kama Melkiori alisahau hali yake au alidhani siku ya mama yake muhuri ungemwonea huruma. Akaipeleka kata mdomoni, akatapika mbele ya ukoo mzima. Shangazi yao, Ndeanka, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwaga mbege yake chini. Wengine wakafuata. Wote walijua kwamba ana muhuri, na kujua hakukusaidia, kwa sababu mtu akimwona mwenyeji anatapika alichomkaribishia, mkono wake unamwaga wenyewe. Tangu siku ile hakuna anayepokea hata chai kutoka kwa Melkiori.

"Walimtoa kiu," Apolinari akasema, "wakamtoa na sisi. Na mimi binti yangu anachumbiwa mavuno ya kahawa yakiisha. Wakwe wanakuja kutoka Rombo na mbege yao. Nikitapika mbele yao, nimewaita wachawi."

"Waambie walete soda. Walokole wote wanafanya hivyo."

"Mimi siyo mlokole, Daktari. Mimi ni mlevi." Akakitazama kikombe. "Nataka nionje, nimpe mwenzangu, niishie hapo. Watu wengine wanawezaje?"

"Watu wengine si wewe. Wewe ukionja huishii hapo, na unajua. Ushauri wangu ni usiiguse tena maisha yako yote."

"Umeshaniambia. Nami nimeshakuambia kwamba nitaonja. Sasa nisaidie nisife."

Akanywa zinduo lote kwa mkupuo, akakunja uso, akalala. Nikamvika taji.

*

Taa ya taji ilipogeuka kutoka njano kwenda kijani, nilisogeza kigoda karibu. Kazi yangu wakati huo ni kukaa. Watu hudhani daktari wa zinduo ana maneno ya ajabu anayomnong'oneza mgonjwa. Sina. Nina kigoda, taulo la kufuta jasho, na masikio.

Mwanzoni alikuwa mtoto. Aliniambia yuko kwenye ngoma ya watu wazima, wanaume wanampa machicha ya mbege kwenye kiganja, anayalamba, anapepesuka, wanacheka. Alicheka nao kwa sauti ya kitoto ambayo sikuipenda. Halafu kicheko kikakatika.

"Uko wapi, Baba Redempta?"

"Nyumbani. Kuna mtu amekalia kiti changu."

"Nani?"

"Simjui. Amevaa koti langu. Amenyoosha miguu kama mwenye nyumba." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Redempta anampakulia chakula. Daktari, mtoto wangu anamwita baba."

Nikamshika mkono. Aliubana hadi vidole vikaniuma.

"Mtoe!" akapaza sauti. "Mfunge huyu! Nifunge mimi! Bonyeza hiyo swichi yako, bonyeza, kwa jina la mama yangu!"

Ilikuwa vilevile alivyosema itakuwa. Nilidhani kuonywa mapema kungenirahisishia. Haikuwa hivyo. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu ananililia mkononi, na dawa ya kilio chake iko kwenye swichi ninayoweza kuifikia bila hata kuinuka. Niliinua kile kifuniko chekundu, sikatai.

Kisha nikauliza, "Viatu vyako viko wapi?"

"Viatu gani?" akalia. "Sina miguu, Daktari, sina hata miguu!"

Nikakishusha kifuniko.

"Basi sikiliza. Mwendee huyo mtu. Mwulize anataka nini nyumbani kwako."

"Naogopa."

"Ogopa, halafu umwulize."

Midomo yake ikaanza kucheza. Jasho likamtoka, nikalifuta. Nje, jenereta ya kituo ikakohoa na kutulia. Niliposikia tena sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayeongea na jirani juu ya ua.

"Amesema amechoka kusimama nje."

"Ukamjibuje?"

"Nimemwambia hawezi kukalia kiti changu. Akae kwenye benchi, pale mlangoni." Akavuta pumzi. "Amekaa. Hajafurahi, lakini amekaa."

Alipozinduka aliomba maji, akaviangalia viatu vyake, akaniuliza kama alikuwa ameomba muhuri. Nikamwambia ndiyo, kwa jina la mama yake. Akavivaa viatu polepole, akaondoka akichechemea bila kuniambia asante. Nyuma ya sikio lake nilikuwa nimembandika kipuli, kidude kidogo kama punje ya mahindi, cha kupima kiu yake mpaka dirisha lijifunge lenyewe. Dirisha huchukua majuma kujifunga.

*

"Mgonjwa aliomba," Sifaeli akasema.

Dokta Sifaeli Swai ndiye mkurugenzi wa kituo. Tulisoma pamoja, na ningependa kusema ni mtu mbaya, ila si kweli. Alikuwa amesikiliza sauti yote iliyorekodiwa katika kipindi cha Apolinari, amejifungia ofisini.

"Aliomba nisimtie," nikajibu. "Akiwa na akili zake."

"Aikande, kila mlevi akiwa na akili zake husema atajimudu. Akili zake ndizo zilizomwangusha mnarani. Humo ndani, mara ya kwanza katika maisha yake, alijiona kama binti yake anavyomwona, akakuambia ukweli. Wewe ukamwuliza habari za viatu."

Huenda yuko sahihi. Mpaka leo sina namna ya kuthibitisha kwamba mwenye viatu ndiye wa kweli na asiye na miguu ndiye wa uongo.

"Angalau mwenye viatu ndiye atakayeishi na matokeo," nikasema. "Ndiye atakayeamka kila asubuhi. Huyo mwingine alikuja, akaogopa, akaenda zake."

"Baba yangu alikufa kwa gongo. Angeniomba vile, ningebonyeza kwa ngumi." Akafungua droo, akatoa rimoti ndogo yenye kitufe kimoja na kifuniko chake chekundu, akaisukuma mezani. "Kipuli hakipimi tu. Kinasema pia. Dirisha lake bado liko wazi. Utakwenda kwenye huo uchumba?"

"Nimealikwa."

"Nenda nayo. Ukiona anazama, bonyeza, sentensi itamfika pale alipo. Asipotiwa muhuri akalewa mbele ya ukoo na wakwe, habari zitashuka mlimani kabla yako, na mimi sitaweza kuutetea utafiti wako. Nitaufunga. Na yeye utakuwa umemwua. Sikutishi. Nakuambia kinachokuja."

Nikaichukua. Ningeiacha pale mezani, Sifaeli angemtuma mtu mwingine, na huyo mwingine asingemjua Apolinari kwa viatu wala kwa lolote.

*

Nilikwenda Kibosho, nyumbani kwa Apolinari, kabla ya siku yenyewe, kwa ajili ya mazungumzo yetu ya kawaida. Apolinari alikuwa uani anagonga misumari kwenye benchi. Alikuwa ameliunda mwenyewe, mbao mpya, akaliweka kando ya mlango. Binti yake Redempta, mwalimu wa hesabu mwenye sauti ya kufanya hata kuku wanyamaze, aliniletea chai. Hatukuzunguka. Niliitoa rimoti, nikaiweka juu ya benchi, nikawaeleza inafanya nini.

"Kwa hiyo hiki cha sikioni kinaweza kunisemesha," Apolinari akasema.

"Kinaweza. Nami sikujua mpaka nilipopewa hii. Ukitaka nakitoa sasa hivi."

Redempta akasema haraka, "Bonyeza, Daktari. Bonyeza hata sasa."

"Mwanangu…"

"Hapana, baba, niache niseme. Nimekuvua viatu mlangoni tangu niko darasa la tatu. Nimekufuta. Nimewadanganya watu kwamba una malaria. Mimi nitaolewa hata kwa maji ya bomba, wakwe wakikasirika warudi kwao Rombo. Nataka baba aliye hai. Hicho tu." Alikuwa analia na amekasirika kwamba analia.

Apolinari aliweka nyundo chini.

"Redempta, baba yako mkubwa yuko hai," akasema. "Nenda ukamwangalie. Yuko hai, mzima, na anakula peke yake. Mimi nikifungwa, sitakuwa nimeacha pombe. Nitakuwa nimezuiwa. Nimezuiwa na mapolisi, nimezuiwa na mapadri, wewe umenizuia kwa kuficha viatu. Nataka siku moja niache mimi."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitarudi kwa huyu mama mkali, tuanze upya."

Redempta akaingia ndani na kuufunga mlango kwa nguvu. Nikanyoosha mkono nikitoe kipuli, naye akakirudisha nyuma kichwa.

"Kiache. Si mnataka kujua kiu inafika wapi siku kama hiyo? Kipime." Akaitazama rimoti. "Na hiyo njoo nayo. Ukiiacha nyumbani nitafikiri hukuwa na la kufanya. Nataka uwe nayo, halafu usibonyeze."

Nilimwambia hilo si ombi dogo. Akasema na mbege ya Rombo si pombe ndogo.

*

Waliweka turubai kati ya migomba, viti vya plastiki vikapangwa pande mbili. Wakwe walifika na ndoo zao zimefunikwa kwa majani, wakaimba kuanzia barabarani. Apolinari alikaa kwenye kiti chake cha mbao, suti ya kijivu, tai imemkaba. Redempta alikaa ng'ambo, kitambaa kichwani, macho kwangu. Melkiori alikuwa pembeni kabisa, karibu na migomba, amekalia kreti, upepo ukimpiga mgongoni ili harufu isimfikie. Alikuja kwa sababu anayechumbiwa ni mtoto wa ndugu yake. Hakuna aliyekaa naye. Mtu wa karibu zaidi alikuwa Shangazi Ndeanka, na kati yao palibaki nafasi ya viti kadhaa.

Mimi nilikuwa mstari wa pili. Mkono wa kulia mfukoni mwa koti. Kwenye saa yangu, iliyounganishwa na kipuli, mstari wa kiu ya Apolinari ulikuwa ukitambaa chini, mtulivu.

Mshenga alisema maneno yake yote, marefu, ya kuchekesha, ya kutafuta ng'ombe aliyepotea. Kisha akachota kata ya kwanza, akaonja mbele ya wote, akampelekea Apolinari kwa mikono miwili. Watu wa Kibosho walikuwa wanakumbuka kaka mtu. Niliona kina mama wawili wameshavuta pumzi.

Apolinari akaonja, kidogo tu. Koo likapanda na kushuka.

"Imeiva," akasema, akairudisha.

Vigelegele vikapasua turubai. Kwenye saa yangu mstari ulikuwa umeruka, haukurudi. Uliendelea kupanda wakati watu wanapeana mikono, wakati baba wa kijana anamkumbatia, wakati kata zinapita. Mate ya Apolinari nilikuwa nayaona anavyoyameza. Nilikuwa nimepima walevi wengi, sijawahi kuuona mstari pale ulipofika.

Ndipo ikaletwa kata ya pili.

Kwenye ukoo wao kata ya kwanza ni ya kukubali, na wote huitazama. Ya pili ni ya baba mwenyewe. Hujazwa mpaka ukingoni, nzito, na watu hugeuza macho kwa heshima, kwa sababu hiyo ni furaha yake na hakuna wa kumhesabia. Angeimaliza yote na kuomba nyingine. Wangempigia makofi. Mtego mbaya kuliko huo sijauona.

Alikuwa ameishika kwa mikono yote miwili, usawa wa kifua. Povu lilikuwa linapasuka polepole. Aliinamisha uso.

Redempta hakugeuza macho. Alikuwa ananitazama mimi, na midomo yake ilisema bila sauti: Sasa.

Kidole gumba changu kilikuwa chini ya kifuniko. Nilijua nikibonyeza atatapika, lakini hata akitapika sasa wakwe wameshakubaliwa, uchumba umeshapita, na atakuwa hai. Sifaeli alikuwa amefikiria vizuri. Nilitaka kubonyeza. Nilitaka kwa ajili ya yule msichana, na kwa ajili yangu pia, ili nisiwe mimi niliyekaa nikamtazama mtu anazama.

Nikaangalia miguu yake. Chini ya suti ya kijivu alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi. Amevipaka rangi vikang'aa, lakini vilikuwa vilevile.

Nikautoa mkono mfukoni, mtupu, nikauweka juu ya goti ambapo angeuona. Redempta akajifunika uso.

Apolinari alikaa vile muda ambao sikuupima. Kisha akainuka. Kwa nyonga ile na kata iliyojaa, kila hatua mbege ilimwagikia vidoleni. Hakwenda kwa mkwe wala kwa mshenga. Alivuka uwanja mzima hadi kwenye migomba, akasimama mbele ya kreti.

"Kaka, nishikie."

Melkiori alirudi nyuma kana kwamba ameonyeshwa nyoka. "Usinifanyie hivyo, Apolinari. Siku ya mtoto. Usinifanyie."

"Sikuombi unywe. Ishike, umpe anayefuata. Basi."

Sasa hakuna aliyekuwa amegeuza macho. Melkiori alinyoosha mikono, akaupeleka uso kwenye migomba mbali alivyoweza, akabana pumzi mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Aliipokea. Mbege ikamwagika kwenye viatu vyake na vya ndugu yake. Akageuka hivyohivyo, kichwa nyuma, akamnyooshea aliyefuata.

Aliyefuata alikuwa Shangazi Ndeanka.

Bibi yule aliitazama kata. Aliitazama mikono iliyoishika. Akaipokea, akainywa, si kuonja, akainywa kwa mafundo makubwa hadi ikabaki nusu, akajifuta mdomo kwa kanga.

"Hawa Warombo wanajua kupika, jamani," akasema kwa sauti.

Melkiori alikimbilia migombani. Tulimsikia sote akitapika, kwa muda mrefu, kwa uchungu. Nilitazama kata zilizokuwa mikononi mwa watu, moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemwaga.

*

Nilimkuta Apolinari mlangoni kwake, amesimama, tai ameilegeza. Uani walikuwa wanacheza. Redempta alikuwa amempelekea baba yake mkubwa sahani ya ndizi na nyama, akaketi naye chini kabisa, gauni la uchumba kwenye udongo.

Nilimwonyesha saa yangu. Mstari ulikuwa bado juu.

"Kiu bado ipo," nikasema.

"Ipo." Akaonyesha benchi jipya kwa kidevu. "Imekaa pale. Inanitazama."

"Nitamwambia Sifaeli kila kitu. Kwamba ulionja, kwamba ilipanda hadi hapa, kwamba nilikuwa na rimoti mkononi na sikubonyeza. Anaweza kuufunga utafiti. Akiufunga nitakuja kukaa na wagonjwa hapa chini ya turubai lako."

"Turubai ni la kukodi," akasema. Kisha, akiwa haniangalii: "Nilikuona ulipoutoa mkono mfukoni. Niliogopa, Daktari. Sijawahi kuogopa vile, hata siku naanguka mnarani."

"Kwa nini?"

"Nilijua nimebaki mimi na ile kata tu." Mikono yake ilikuwa bado inanuka mbege, aliinyoosha mbali na mwili, hajui aiweke wapi. "Kesho nije?"

"Njoo asubuhi."

Nikachota maji kwenye pipa la ukungu, nikammiminia, akanawa hadi kwenye viwiko, akaomba nimwongezee mengine.